Kuwasha Si Kuvuta

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi niliyoiacha, na ninyi wengine ambao bado mna umri wa kutumwa dukani, msitarajie kutoka kwangu somo lililonyooka. Nimestaafu kwa hiari, nguvu zikiwa bado zipo. Nimerudi nyumbani na shahada yangu ya sosholojia ikiwa ndani ya fremu, viatu viwili vilivyoharibiwa na maji ya Ziwa Tanganyika, na swali moja: ni nini hasa kilichomwokoa msichana mmoja wa Mwamgongo, aliyeitwa Sabina, asichukuliwe na tumbaku? Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu. Bado sijui.

Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii. Kigoma hawakuwa na haja kubwa ya jina langu la ubatizo. Waliniita Bibi Maendeleo tangu wiki ya kwanza, ingawa wakati huo nilikuwa binti ambaye hata mchumba sikuwa naye. Jina hilo lilinikaa mpaka mvi zikaja kulihalalisha. Nalitaja mapema kwa sababu litaniletea fedheha huko mbele.

Kazi ya kuzuia tumbaku isiwafikie vijana niliifanya pamoja na Bwana Afya, mzee mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Gervas. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba katika kikao cha kijiji usikae kiti kinachotazama mlango, maana utamwona kila anayeondoka na moyo utakufa kabla hujamaliza hotuba. Mengine aliyonifundisha sikuyaelewa upesi hivyo.

Tulianza na maduka. Tuliwakusanya wenye maduka wa mtaa mmoja wa Ujiji baada ya swala ya alasiri, wakakubaliana kwa moyo mmoja kwamba mtoto hatauziwa sigara, iwe pakiti au moja moja. Nilirudi ofisini nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Siku chache baadaye nilipita kwenye duka la Mzee Shabani, aliyekuwa mstari wa mbele katika makubaliano yale, nikakuta ugomvi. Mwanafunzi mmoja mrefu, ndevu zimeanza kumchomoza, alikuwa ameuziwa bila swali na anaondoka zake. Aliyezuiwa alikuwa fundi baiskeli wa mtaani, mtu mfupi mwenye uso laini.

“Una miaka mingapi?” Mzee Shabani alikuwa akimuuliza.

“Mzee Shabani, si mimi niliyekuzibia pancha jana?”

“Hilo silikatai. Nauliza umri.”

“Mwanangu wa kwanza anaoa mwezi ujao!”

“Basi mlete yeye anunue.”

Bwana Afya alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati huohuo kasichana kadogo kalipita chini ya kiwiko cha fundi, kakasema, “Nimetumwa na baba,” kakapewa sigara mbili na kuondoka kakirukaruka. Nilipolalamika, Mzee Shabani alishangaa kweli.

“Bibi Maendeleo, huyu si mtoto. Huyu katumwa.”

Nilidhani ananidhihaki. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba alikuwa ananieleza jambo. Kwetu, mtoto aliyetumwa amewekwa kando kwa muda. Aliyesimama dukani ni baba, ametembea tu kwa miguu ya mwanawe. Makubaliano yetu yalimkataza mtoto. Hayakumkataza baba.

Baada ya maduka tukajaribu picha. Tulipanda na pikipiki mpaka Kalinzi, juu huko kwenye mashamba ya kahawa, tukiwa na bango kubwa la pafu la mvutaji, jeusi, la kutisha. Nililitundika mbele ya darasa na kunyamaza, nikiiachia picha ifanye kazi. Msichana mmoja wa kiti cha mbele akanyoosha mkono.

“Mwalimu, huo ni mgebuka ulioungua?”

“Hapana,” jirani yake akamrekebisha, “ni wa kukaushwa. Wa kuungua unapinda mkia.”

Darasa zima likaingia katika mjadala wa samaki. Tulipokuwa tukiteremka Bwana Afya alinigeukia na kuniambia, “Hongera. Kuanzia leo Kalinzi wataogopa kitoweo.”

Nawasimulia haya ili mjue nilikuwa katika hali gani ya akili nilipofika Mwamgongo. Kijiji kile kiko kaskazini mwa Gombe, hakifikiwi ila kwa boti, na wakati wa kwenda nilikuwa nimejipanga upya kwa elimu yangu ya chuo. Tulifundishwa kwamba kijana huanza kuvuta kwa shinikizo la rika: rafiki mbaya, kundi baya, kona mbaya. Basi nikaandaa maswali kuhusu marafiki. Niliingia darasani, nikauliza nani amewahi kuvuta sigara au tumbaku. Hakuna mkono hata mmoja. Mwalimu mkuu, aliyesimama nyuma, alitabasamu kwa fahari. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha sigara na alipenda kulisimulia hilo.

Wakati wa mapumziko nikamwona Sabina. Alikuwa amekaa peke yake, mwembamba, magoti yakichezacheza, akitazama njia ya kwenda nyumbani kama mtu anayesubiri boti iliyochelewa. Mwalimu aliniambia kwamba anaruhusiwa kwenda kumhudumia bibi yake kila mchana, kwa sababu wanaishi wawili tu. Nilimsogelea kumsalimu. Akaniamkia vizuri, na pumzi yake ikanijia. Ilikuwa harufu ya tumbaku kali, ya majani ya kusokota.

“Sabina, unavuta?”

“Hapana, Bibi Maendeleo.” Alinitazama machoni bila wasiwasi. “Namwashia tu bibi kiko.”

“Unamwashiaje?”

Akanionyesha. Alishika kiko kisichokuwepo, akaweka kaa la moto lisilokuwepo juu yake, kisha mashavu yake yakabonyea ndani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akaridhika kwamba limeshika. Hapo akautoa ule moshi usiokuwepo, taratibu, kwa ufundi ambao hata wavuvi wazee wangeuheshimu.

“Sasa huko si kuvuta?”

“Hapana,” akasema kwa upole, kama anayemfafanulia mgeni. “Kuwasha si kuvuta.”

Nilirudi darasani baada ya kengele na kubadilisha neno moja tu. Nikauliza nani amewahi kumwashia mtu mzima. Mikono ikapanda mpaka madirisha yakaingia kiza. Nikauliza ni nani aliyewapa kiko au sigara kwa mara ya kwanza.

“Bibi!” wakaitikia wengi kwa pamoja.

Bwana Afya, aliyekuwa mlangoni, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, “Bibi Maendeleo?” Hapo darasa likavunjika kwa kicheko, na kwa muda wote uliobaki wa ziara ile kila niliposema neno “bibi” wanafunzi waliziba midomo. Lakini hayo ndiyo niliyokuja kuyatafuta. Hapakuwa na kona mbaya wala rafiki mbaya. Pumzi ya kwanza ya watoto wale ilikuwa utii.

Kabla ya kuondoka shuleni Sabina alinifuata mpaka kwenye mparachichi wa uani na kusema jambo moja zaidi, macho yakiwa chini. “Siku hizi nawasha hata kabla hajanituma. Juzi niliwasha amelala.” Hakulia. Alitaka tu nijue. Kutoka hapo, wanangu, habari za mabango na maduka zilinitoka kichwani. Nilitaka mtoto huyu mmoja atoke, na nilitaka atoke bila kumpoteza mtu pekee aliyekuwa naye duniani.

Bibi Keziya, bibi yake Sabina, tulimkuta amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko. Mikono ilimtetemeka mfululizo, kifua chake kilikuwa chembamba kama cha ndege. Alitujibu salamu kwa Kiswahili, kisha akatuongezea “Mwakeye” ya Kiha, akacheka nilivyoijibu. Nilimweleza kwa heshima kuhusu tumbaku na mapafu ya watoto. Alisikiliza yote.

“Mimi nilimwashia bibi yangu,” akasema. “Bibi yangu alimwashia wake. Nani kafa?”

“Wote, Bibi,” akajibu Bwana Afya.

Bibi Keziya alicheka mpaka akakohoa, na akakohoa mpaka Sabina akaja kumshika mgongo. “Huyu mume wako ana maneno,” akaniambia. Nilimweleza kwamba si mume wangu. Akasema ni vizuri, kwa kuwa angenimalizia chakula.

Kisha akaeleza hali yake, na hapo nikaona ugumu ulipo. Kiko cha majani ya kusokota hakishiki kwa kiberiti tu. Kinahitaji mtu mwenye pumzi akivute kwa nguvu mara kadhaa mpaka moto uingie ndani. Yeye pumzi hiyo hakuwa nayo tena. Kikishawaka aliweza kukiendesha polepole mwenyewe. Bila mtu wa kuwasha, kiko kilikuwa kipande cha udongo.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia kwamba Sabina aliwasha akiwa yeye amelala.

Uso wake ulibadilika. Aligeuka kumtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa ameshika sufuria na hakuiweka chini.

“Nilikuwa nimelala?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Sasa ulimwashia nani?”

Sabina aliikumbatia ile sufuria kifuani. Nimesoma vitabu vingi kuhusu uraibu, na katika vyote sijakutana na swali lililoingia ndani kama hilo. Mwaka mzima mtoto yule alikuwa amejificha nyuma ya herufi mbili za kitenzi, ‘m’ na ‘i’: hawashi, anamwashia. Bibi yake alizichukua zile herufi mbili, mtoto akabaki uwanjani peke yake.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Mwenyekiti alitaka sheria ndogo: atakayemtuma mtoto tumbaku abebe mawe ya kujengea choo cha shule. Sauti kutoka nyuma ikauliza, “Bibi Keziya naye abebe?” na watu wakacheka, lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu mwingine alipendekeza Sabina apelekwe kwa shangazi yake Ujiji. Lilionekana pendekezo la busara. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuliunga mkono. Wakati huo Bibi Keziya alikuwa anaingia, ameshikwa mkono na mjukuu yuleyule aliyekuwa anajadiliwa, na kila mtu akamngojea akae. Hakukaa.

“Mtoto wangu hamumchukui,” akasema. “Tumbaku yangu hamuichukui. Mnataka asiwashe? Leteni mtu mzima aje aniwashie.”

Akageuka akaondoka, na mkutano ukabaki na azimio ambalo hakuna aliyelipendekeza kwa maneno ya kikao. Majirani waligawana: anayetoka ziwani asubuhi apitie kwa Bibi, anayekwenda shamba apitie, mwalimu mkuu achukue mchana. Sabina akipokea agizo la kuwasha, asikiguse kiko. Atoke uani na kupaza sauti, na mtu mzima aliye karibu aje.

“Tutawaambiaje wilayani?” Bwana Afya aliniuliza tukiwa ndani ya boti. “Kwamba tumetumwa kupunguza wavutaji na tumeunda kamati ya kuvuta?”

Afya ya Bibi Keziya ilikuwa na thamani pia, na nilikuwa nimempangia zamu za kumsaidia kuiharibu. Mwenzenu niliyesomeshwa nilikaa kwenye ubao wa boti ile nikijiuliza kama nimefanya kazi yangu au kinyume chake.

Siku ya kwanza ya mpango, Sabina alitoka uani kama alivyoelekezwa na kupaza sauti kwa nguvu zake zote: “Moto! Moto!” Watu wakaja na ndoo za maji. Wengine walikuja na mchanga. Mama mmoja alikuja na godoro la Bibi Keziya, alilokwisha kulitoa ndani kwa kupitia mlango wa nyuma. Walipojua wanaitiwa kiko nusura wamwagie Bibi yale maji. Ikabidi wito ubadilishwe, na baada ya mabishano wakakubaliana aseme, “Bibi anaomba moto!” kwa hoja ya mwenyekiti kwamba mtu ambaye nyumba yake inaungua haombi moto, anao wa kutosha.

Niliporudi baada ya miezi kadhaa niliyakuta mambo yamevurugika kwa namna ambayo sikuwa nimeiandaa. Mwalimu mkuu alikuwa amerudia kuvuta. Zamu za mchana zilimwamshia ugonjwa aliodhani ameuzika, na sasa alikwepa macho yangu kama mwanafunzi. Mvuvi mmoja, kwa upande mwingine, aliapa kwamba kile kiko kilimkinaisha hata akaacha sigara zake. Bibi Keziya alikuwa na wageni kutwa nzima, na kadiri wageni walivyoongezeka ndivyo kiko nacho kilivyoongezeka. Wakati huohuo alikuwa amenenepa kidogo na anasimulia hadithi zilizokuwa hazijasikika tangu mumewe afariki. Niambieni ninyi, ningeweka alama ya vyema wapi na ya mkasi wapi?

Na Sabina? Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Aliumwa kichwa, alivunja chungu kwa hasira, alimtukana mwenyekiti hadharani, jambo ambalo nusu ya kijiji ilikuwa ikitamani kulifanya. Ndipo akaanza kutulia. Lakini wote tulijua kwamba hajajaribiwa. Alikuwa hajaachwa peke yake na kaa la moto, kiko kilichoshindiliwa, na bibi mwenye hamu.

Siku hiyo ilikuja nilipokuwa kijijini. Kulikuwa na mazishi katika kijiji kingine cha ufukweni, ya mtu aliyependwa, na Mwamgongo karibu yote ilipanda boti asubuhi, mimi nikiwa miongoni mwao. Waliobaki walikuwa watoto, wagonjwa, na Sabina, ambaye asingeweza kumwacha Bibi. Tulikuwa tayari katikati ya safari mwalimu mkuu alipouliza, “Nani amebaki wa kuwasha?” Kila mmoja alimtazama mwenzake. Boti nzima ilikuwa imejaa wawashaji.

Sikumbuki mengi ya mazishi yale, Mungu anisamehe. Tuliporudi alasiri ziwa lilikuwa limechafuka, tukachelewa zaidi, na boti ilipogusa mchanga niliruka kabla haijafungwa, nikapanda njia ya kwa Bibi Keziya nikiwa nimelowa mpaka kiunoni. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma yangu, akihema.

Tuliwakuta wamekaa kwenye mkeka mmoja, bega kwa bega. Moto ulikuwa unawaka jikoni, ugali ulikuwa umeiva na umefunikwa. Bibi alikuwa na kiko mdomoni.

“Mmechelewa,” akasema bila kukitoa.

“Niliita,” akasema Sabina. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. “Niliita, Bibi Maendeleo. Watoto tu ndio waliokuja.”

Nikapiga magoti mbele yao. “Ikawaje?”

“Nilimwomba aniache niwashe mara moja tu,” akasema Sabina. “Alikuwa anatetemeka, nikamwonea huruma. Akakataa. Alinipiga kofi mkononi.”

“Mwongo huyo,” akasema Bibi Keziya. “Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimbembeleza kama mtoto mdogo. Yeye ndiye aliyekataa, akaenda zake kusonga ugali.”

“Bibi, si kweli!”

“Unanibishia mbele ya wageni?”

Walibishana hivyo mpaka mwalimu mkuu akakaa chini kwenye kizingiti na kuanza kucheka, kisha akafuta macho. Sabina wa leo ni mama mwenye watoto wake. Anaanika dagaa ufukweni, na tumbaku hajaigusa tena. Kila ninapomtembelea namuuliza upya, na anashikilia maneno yaleyale, kwamba ni bibi yake aliyekataa. Bibi Keziya naye alishikilia yake mpaka alipotutoka. Mmoja wao alidanganya ili sifa iende kwa mwenzake, au pengine wote wawili walidanganya, na kilichotokea mchana ule hakuna aliyekisema. Mkiniuliza ni zamu, au ni lile swali la Bibi, au ni kijiji kilichokuja na ndoo, sitaweza kuwaambia.

Lakini alasiri ile, mkekani, Bibi Keziya alikitoa kiko mdomoni, akaninyooshea kwa mkono uliotetemeka. “Haya, Bibi Maendeleo. Wewe ni mtu mzima. Bibi anaomba moto.”

Nikakipokea. Tumbaku ilikuwa imeshindiliwa vizuri mpaka juu, haijaguswa na kaa, na udongo wake ulikuwa wa baridi. Hilo peke yake ndilo ninaloweza kulitolea ushahidi: kilikuwa cha baridi.